Maswali Yenu: Kirusi Kinajuaje Seli ya Kuingia?

SWALI: Nafundisha Baiolojia kidato cha sita. Wanafunzi wameniuliza: kirusi cha tiba ya jeni kikichomwa kwenye mshipa, kinajuaje kwenda kwenye misuli na kuliacha ini? Mwalimu, Tabora.

JIBU: Hakijui, Mwalimu. AAV, kirusi kinachotumika sana, ni ganda la protini 60 lenye upana wa nanomita 25 hivi. Jeni zake zimetolewa, ikawekwa ya tiba. Ganda hunasa popote linapokuta kipokezi kinacholishika, na ini, lenye damu nyingi na mishipa yenye vitundu, humeza sehemu kubwa. Mzigo wa treni kutoka Dar, uwe wa Mwanza au Kigoma, hupita Tabora. Hapo kwenu makuli wakiwa na pupa, mwingi utashushwa hapohapo.

Wataalamu huanza na ganda. Kwenye kitanzi kinachochomoza karibu na nafasi ya 588 ya AAV9, aina mojawapo ya AAV, hupachika asidi amino saba zilizopangwa ovyo, wakapata mamilioni ya maganda tofauti. Huyachoma yote kwa mnyama, hukata kiungo wanachokitaka, husoma yapi yamefika, kisha hurudia na hayo tu. Mtego uko kwenye huyo mnyama. Ganda la PHP.B lilipenya ubongo wa panya vizuri mno, kumbe lilikuwa linashika protini LY6A, ambayo binadamu hatuna. Hata kwa panya wa ukoo wa BALB/c lilishindwa kupenya. Kwa hiyo mkisoma habari za ganda jipya, ulizeni kwanza: limejaribiwa kwa nani?

Kuna kufuli mbili za ndani. Promota (swichi ya jeni) ya misuli, mfano MHCK7, huiwasha jeni kwenye misuli na moyo. Halafu mkiani mwa ujumbe wa RNA huongezwa nakala chache za shabaha ya miR-122, RNA fupi ambayo imejaa kwenye seli za ini, ili ujumbe ukatwe huko. Wengi hukosea hapa: kufuli hizi huizima jeni tu, maganda yanabaki kwenye ini. Zolgensma, dawa ya AAV9 ya ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli (SMA), hutolewa chembe trilioni 110 kwa kila kilo ya mtoto, ndiyo maana prednisolone, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, huanza siku moja kabla na vimeng'enya vya ini hupimwa kwa miezi.

Anwani nyepesi kuliko zote ni sindano yenyewe. Luxturna, dawa ya AAV ya upofu wa kurithi, huchomwa chini ya retina, chembe bilioni 150 ndani ya mililita 0.3.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ana sikoseli. Nasikia kuna kirusi kinachotibu. Atachomwa? Mama, Ujiji.

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Kwa sikoseli kirusi hakichomwi mwilini. Seli shina huvunwa kwenye damu, huchujwa zenye alama ya CD34, huingizwa jeni kwa lentivirusi (ndicho hicho kirusi ulichosikia) maabara, kisha hurudishwa baada ya uboho kufyekwa kwa dawa ya busulfan, inayoweza kuharibu uzazi. Tiba ya namna hii, Lyfgenia, iliidhinishwa Marekani Desemba 2023, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Kwa sasa mwulize daktari wa kliniki yake kuhusu haidroksiyurea, asikose asidi foliki, alale ndani ya chandarua, na homa ikifika nyuzi 38.5 mpeleke hospitali usiku huohuo.