Nilipomfuta kazi keateka wa laptopu yangu

Jumapili moja mpwa wangu alifungua laptopu yangu akitaka katuni. Akasogeza kipanya huku na huku, kisha akaniita jikoni: "Mjomba, hii imezima?"

Haikuwa imezima. Ni skrini nyeusi tu, yenye mstari mwembamba chini unaoonyesha saa, wifi na chaji ya betri. Hakuna menyu wala picha za kubofya. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na d, nikaandika "fire", nikagonga Enter, na Firefox ikajaza skrini. Akanitazama kama mganga.

Sikufika hapo kwa kupenda urembo. Laptopu yenyewe ni ThinkPad X230 ya mtumba niliyoinunua kwenye kaduka ka ghorofani Moi Avenue, RAM gigabaiti 4, na Debian, aina ya Linux, yenye GNOME, eneokazi lake la menyu na picha za kubofya, ilikuwa inajikokota humo kama matatu ya zamani inayopanda mlima. Nikiwasha tu, kabla sijafungua chochote, amri ya `free -h` ilinionyesha zaidi ya gigabaiti moja ya RAM imeshaliwa. Nilipoweka i3, programu nyepesi inayoshika nafasi ya GNOME, ikashuka hadi megabaiti 400 hivi.

Lakini nisikudanganye. Fungua vichupo 15 vya kivinjari na akiba hiyo itaisha kabla chai haijapoa. Kama kinachokusumbua ni kivinjari, pesa zako zipeleke kwenye RAM. X230 ina nafasi mbili za RAM, huenda moja ya yako iko tupu. Mimi nilibaki na i3 kwa sababu nyingine. Madirisha hujipanga yenyewe kando kwa kando, na kwenye skrini ya inchi 12.5 huo ni utulivu mkubwa. Kila kazi ina skrini yake ya kuhamia: tafsiri iko ya 1, kamusi ya 2, barua pepe ya 3. Nahama kwa kitufe cha Windows pamoja na namba.

Sasa, i3, ambayo Michael Stapelberg aliianzisha mwaka 2009, kazi yake ni kupanga madirisha, basi. Hiyo "basi" ndiyo iliyoniponza.

Wiki ya pili stima ilipotea mtaani saa tatu usiku. Sikujali, betri si ipo? Zamani GNOME ingenipigia kelele chaji ikikaribia kuisha. i3 haikusema kitu. Kale kaandishi ka betri pale chini kaligeuka kekundu kimyakimya, macho yangu yakiwa juu kwenye kazi. Skrini ikazima na kurasa nne ambazo mteja alizitaka asubuhi. Nilikaa gizani nikisikia jenereta ya jirani.

Eneokazi kamili kama GNOME lina keateka. Humwoni, lakini ndiye anayewasha pampu ya maji na kufunga geti usiku. Ukimfuta kazi, ndipo unajua alikuwa akifanya nini. Kwa hiyo kabla hujaweka i3, kaa na karatasi uandike kila kitu ambacho kompyuta yako hukufanyia bila kuombwa: wifi, onyo la betri, kufunga skrini ukiondoka, vitufe vya sauti, projekta. Kila kimoja utakitafutia mtu wake. Mimi niliongeza mistari hii kwenye faili la mipangilio ya i3, `~/.config/i3/config`:

`exec --no-startup-id nm-applet`
`exec --no-startup-id cbatticon -l 25 -r 10`
`bindsym $mod+Shift+x exec i3lock`

Wa kwanza ni wa wifi. Wa pili hunionya betri ikifika asilimia 25, kisha tena kwa 10, ila sharti uwe na programu ya kuonyesha arifa, kama dunst, la sivyo itaonya hewa. Wa tatu hufunga skrini (`$mod` ni kile kitufe cha Windows). Ukifanyia kazi kwenye mikahawa ya mjini huo si wa hiari. Projekta niliiachia arandr, programu ya kupanga skrini, unaburuta kisanduku na mambo yamekwisha.

GNOME usiifute. Weka i3 pembeni yake kwa `sudo apt install i3`, kisha pale pa kuandika nywila chagua ipi uingie nayo. Mimi kwa mwezi mzima nilirudi GNOME kila nilipokuwa na mkutano wa video, wala sikuona aibu.

Na kama mkono wako hauachi kipanya, i3 itakuchosha. Jaribu Openbox, yenye menyu ya kubofya kulia popote palipo wazi kwenye skrini, ingawa faili lake la mipangilio ni XML na alama moja ikikosekana utaisaka hadi usiku. Asiyetaka kuhariri faili lolote achukue XFCE, eneokazi jepesi, aende zake. dwm, nayo ya kupanga madirisha, mimi ilinishinda: kubadilisha rangi tu ni kuhariri msimbo wa C na kuikusanya programu upya.

Kosa la mwisho nililofanya ni kunakili mipangilio yote ya i3 ya mtu mwingine kwa sababu picha ya skrini yake ilikuwa nzuri. Nusu ya vitufe viliita programu ambazo sina, kikiwemo cha kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Ukikwama hivyo, bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi matupu, ingia kwa jina na nywila yako, urudishe nakala ya zamani kwa `cp`, amri ya kunakili faili. Nakala hiyo uwe umeiweka kabla. Yangu naiita `config.inafanya`, na kila nikigusa mstari naendesha `i3 -C` kwanza inikague.