Kufuli la Baiskeli Hupimwa kwa Dakika

Jumapili ya mwisho ya Safari Rally ya 2022, yale mashindano ya magari ya Kenya, niliondoka Karagita, hapa Naivasha, alfajiri kwa baiskeli, nikaifunga kwenye nguzo ya ua karibu na barabara ya kwenda Hell's Gate, nikapanda na wenzangu kilimani kutazama magari. Siku hiyo dereva Kalle Rovanperä alishinda, na Toyota wakachukua nafasi zote nne za juu. Niliporudi mchana, vumbi limenijaa usoni na sauti imenikauka kwa kushangilia, nguzo ilikuwepo, baiskeli haikuwepo. Kebo ya kufuli ilikuwa imelala kwenye nyasi.

Niliiokota nikaitazama vizuri. Kwa nje ilikuwa nene kama kidole gumba, plastiki nyeusi inayong'aa. Pale ilipokatwa, plastiki ilikuwa imerudi nyuma kidogo na waya umechomoza: nyuzi nyembamba kama za brashi ya kusugulia sufuria, zote kwa pamoja hazifiki unene wa penseli. Kumbe unene wote ule nilioulipia ulikuwa plastiki. Na baiskeli yenyewe, ya gia, ya mtumba, niliiwekea akiba miezi saba ili niache kupoteza nauli kila siku kwenda shamba la maua ninakofanya kazi.

Kesho yake nilimpelekea fundi wangu wa pale stejini ile kebo. Hakunicheka. Alichukua mkasi wa kukatia nondo, akaibana, ikakatika kabla sijamaliza kumwambia asiikate. Kisha akaniambia neno ambalo nimelishika hadi leo: "Hakuna kufuli lisilokatika, kijana. Unanunua dakika. Uliza tu unanunua ngapi."

Basi haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile, na nayaandika kwa ajili ya kila mtu anayeacha baiskeli nje ya kazi, sokoni au kanisani.

Kebo ya waya usiitegemee peke yake. Kazi yake ni kufunga kiti au gurudumu la mbele kama nyongeza. Kufuli la kutegemea ni la chuma kizima lenye umbo la U, au mnyororo mzito uliovikwa kitambaa ambao pingili zake zimekomazwa. Chuma laini chenye unene wa kidole bado kitaliwa na msumeno, kwa hiyo unene peke yake hautoshi. Fundi alinionyesha kwa tupa. Alichukua kufuli la bei rahisi akapitisha tupa mara moja: ikauma, ikaacha mstari mweupe na unga wa chuma. Akachukua lake la U, akapitisha kwa nguvu ile ile: tupa ikateleza kama iko juu ya kioo. Hicho ndicho chuma kilichokomazwa. Muuzaji wa kweli atakuruhusu ujaribu upande wa ndani usioonekana. Akikataa, songa duka la pili.

Kuhusu unene, milimita 13 za chuma kilichokomazwa zinazuia mikasi midogo ile inayofichika ndani ya jaketi. Ukifika milimita 16, hata mkasi mkubwa wa mikono miwili unashindwa, na mwizi atahitaji grinda. Grinda inakata karibu kila kitu, lakini inapiga kelele na kurusha cheche, na mwizi wa mchana mbele ya watu haitaki.

Umbo dogo la U ni bora kuliko kubwa. Wengi hununua kubwa wakidhani linafunga zaidi, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Nafasi inayobaki wazi ndani ya U ndimo mwizi anamoingiza mtaimbo au jeki ya gari na kulipasua. Nunua linalotosha fremu, gurudumu na nguzo tu, bila pengo la kuingiza mkono.

Halafu tazama ufunguo. Mwaka 2004 watu duniani walishangaa kuona makufuli ya U yenye tundu la duara, yakiwemo ya kampuni ya Kryptonite yaliyosifika sana, yakifunguliwa kwa ganda la kalamu ya Bic. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Chuma chake hakikuwa na kasoro, tundu ndilo lililoyaangusha. Mpaka leo ukitembea kwenye maduka ya vifaa utaona makufuli ya bei rahisi yenye ufunguo wa duara kama bomba. Yaache. Chagua ufunguo bapa, wenye mikato ya pembeni, na tundu lenye kifuniko. Huku kwetu Naivasha kifuniko si pambo. Vumbi la Kedong, lile la unga laini ambalo madereva wa rali huliita fesh-fesh, linaingia hadi ndani ya saa ya mkononi. Mafuta mazito hulikamata na kuligeuza tope, kwa hiyo tia unga wa grafaiti au mafuta mepesi kidogo sana.

Ukiona kwenye pakiti alama ya Sold Secure ya Uingereza, ujue kuna watu waliokaa na kufuli hilo na vifaa vya wizi mkononi huku saa ikihesabu, ndipo wakalipatia daraja: shaba, fedha, dhahabu au almasi. Waholanzi nao wana ART, yao ni nyota. Namba ambazo kiwanda kinajichapishia chenyewe, "ngazi 10 kati ya 10" na kadhalika, zinakusaidia kulinganisha bidhaa za kiwanda hicho tu. Ngazi 10 ya huyu inaweza kuwa 5 ya yule.

Hapo kwenye kulinganisha ndipo mjadala wa pale kwa fundi ulipohamia kwenye rali, kama kawaida yetu kila msimu wa Safari. Mzee mmoja anayeleta baiskeli yake ya Black Mamba kutengenezwa anashikilia kwamba hajawahi kutokea dereva kama Joginder Singh. Fundi ni mtu wa Shekhar Mehta. Mtoto wa fundi anasema wote hao hawamfikii Ogier, aliyeshinda Safari mwaka 2021 na 2023, maana kasi ya siku hizi ni nyingine kabisa.

Mimi namheshimu sana Ogier, lakini kipimo cha kijana hakijakaa sawa. Safari ya zamani ilikuwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo matatu, ng'ombe na lori la mkaa nao walikuwa wakizitumia. Ya leo ina takriban kilomita 350 za kushindania muda, barabara zimefungwa, gari linarudi kwa mafundi kila baada ya vipande vichache vya mashindano. Ukiweka saa ya leo juu ya dereva wa 1968, mwaka ambao magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, utakuwa umepima kitu kingine. Lazima uulize: alipambana na nini, kwa muda gani, na alikuwa na chombo gani?

Kwa kipimo hicho Mehta ana hoja nzito. Ushindi 5: wa 1973, tena akiwa amelingana pointi na Harry Källström, kisha minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna aliyemfikia. Björn Waldegård alishinda mara 4, ya mwisho mwaka 1990 akiwa na miaka 46, na hilo nalo ni jambo la kuvua kofia. Lakini moyo wangu uko kwa Joginder. Alizaliwa Kericho, akakulia kwenye gereji, na mwaka 1965 alishinda kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilishaitumia na kuiacha, yeye na kaka yake Jaswant. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alijua gari kwa mikono, akalifikisha mwisho karibu kila alipoanza. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliongoza hadi siku ya mwisho, shokabsoba ikavunjika, ushindi ukaenda. Nikikumbuka hilo ndipo naelewa kwa nini mzee wa Black Mamba hakubali kushawishiwa na kasi.

Turudi kwenye baiskeli, maana kufuli zuri likifungwa vibaya ni sawa na halipo. Mmarekani mmoja, Sheldon Brown, aliyekuwa fundi mashuhuri, alifundisha njia ninayoitumia kila siku: pitisha U kwenye gurudumu la nyuma mahali lilipo ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, pamoja na nguzo. Hata kama U haijagusa bomba lolote la fremu, gurudumu haliwezi kuvutwa kutoka kwenye pembetatu hiyo. Mwizi atalazimika kukata tairi na rimu, na kwa kawaida hataki kuharibu gurudumu la bei kuliko yote. Tundu la ufunguo lielekee chini, na kufuli lining'inie juu ya ardhi, lisipate pa kuegemea likipigwa nyundo.

Na nguzo yenyewe itikise kwanza. Nguzo fupi isiyo na kitu juu, baiskeli inainuliwa na kufuli lake na kupakiwa kwenye pikapu. Ua wa senyenge unakatwa kwa koleo. Yangu ya 2022 ilikuwa nguzo ya mti, na hata kama kebo ingekuwa ngumu, ule mti ungeng'oka.

Bei? Wengi hushauri sehemu moja ya kumi ya thamani ya baiskeli, na mimi naona ni kidogo kwa mtu ambaye baiskeli ndiyo nauli yake. Nilitoa zaidi ya hapo. Kufuli langu ni zito, nalihisi begani nikipanda mlima, na kwenye lango la shamba kuna bomba la chuma lililochimbiwa kwa zege ambapo wafanyakazi wanane sasa tunafunga baiskeli zetu pamoja, kila mmoja akipitisha U yake kwenye pembetatu ya nyuma.