Wadudu wa rangi ya fedha kwenye kabati la vitabu

Dada, huyo mdudu mwembamba mwenye mikia mitatu, anayetimua mbio ukifungua kabati, haumi wala haleti ugonjwa. Anachofuata humo ni wanga: gundi ya vitabu, karatasi, hata nguo zilizopigwa wanga. Kagua majalada, utaona yamekwanguliwa juujuu na vitobo vyenye kingo za ovyo. Ila kinachomweka hapo ni unyevu. Dawa ya kupuliza itaua unaowaona tu. Wenzao wamejibana kwenye nyufa. Tengeneza bomba linalovuja, sogeza kabati mbali na ukuta, anika vitabu (kivulini, jua linababua), na yale maboksi ya karatasi yatoe kabisa. Kumshindisha njaa usijaribu, anakaa miezi bila kula.