Chanjo 117%: usiikate namba

SWALI: Dokta, mimi ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya hapa Karisimbi, Goma. Kwenye karatasi eneo letu lina watu 12,000. Mwezi uliopita tulichanja watoto 41 dozi ya tatu ya Penta (chanjo ya magonjwa matano), hesabu ikatoka 117% ya watoto tuliotarajiwa kuchanja. Mwenzangu anasema niandike 35 ili ripoti isirudishwe. Nifanye nini?

JIBU: Andika 41, Mama. Ukiandika 35 umefuta watoto sita ambao dozi zao zimeshatoka kwenye friji. Stoki na ripoti hazitalingana tena, na ukiagiziwa chanjo kwa hiyo 35, mwisho wa mwezi utawarudisha akina mama nyumbani mikono mitupu.

Tatizo liko chini ya mstari, kwenye idadi unayogawia. 12,000 mara 3.49% (sehemu ya watoto wachanga katika watu wote), gawa kwa 12: watoto kama 35 kwa mwezi. Lakini hiyo 12,000 ni makadirio. Kongo ilihesabu watu kwa mara ya mwisho 1984, na Karisimbi watu wanakimbilia na kuhama bila kungoja makadirio ya mtu. Fungua rejista, soma safu ya anwani. Wakiwa 9 wametoka nje ya eneo lako, wako ni 32, yaani 92%. Hao 9 unawaripoti vilevile na unawaagizia dozi.

Kisha jipime bila kutumia idadi ya watu. Tuseme Penta ya kwanza 44, ya pili 42, ya tatu 41: wamepotea 3 kati ya 44, karibu 7%. Ikizidi 10% kuna shida. (Jumlisha miezi mitatu, watoto wa dozi ya kwanza mwezi huu si wale wa dozi ya tatu.) Ya tatu ikizidi ya kwanza kila mara, tafuta kosa la kujumlisha. Halafu chupa: 44, 42 na 41 ni dozi 127, kwa hiyo chupa 13 za dozi kumi, usipohesabu upotevu. Fishi ya stoki ikionyesha chupa 11 tu, hata ukiongeza mabaki ya mwezi uliotangulia, kuna watoto waliochanjwa kwa kalamu.

Kinachochosha ni hawa mafundi wa Excel wanaogawa kwenye WhatsApp faili yenye fomula ya kukata kila kinachopita 100, na kuiita kusafisha data. Wanapaka chokaa juu ya ufa. Haohao hujaza sifuri penye nafasi tupu! Sifuri ni kusema tulimtafuta mgonjwa wa kipindupindu tukamkosa. Nafasi tupu ni kusema hatujui. Katika mji ambao watu wanachota maji ya Ziwa Kivu, sifuri ya uongo ya wiki mbili inatosha kupeleka klorini mtaa mwingine.

Ripoti yako ikirudishwa, ipeleke tena na 41 ileile, na kwenye maoni andika: 9 ni wa nje ya eneo, rejista ipo.