Mchungaji anahama Januari: mambo ya kufanya kabla lori halijafika

Bwana Yesu asifiwe.

Juma lililopita mzee mmoja wa kanisa, wilaya ya Nachingwea, ameniletea ujumbe mrefu. Mchungaji wao amepata barua ya uhamisho, anatakiwa kuripoti kituo kipya mwishoni mwa Januari, na atakayekuja bado hajatajwa. Anauliza maswali mawili. Je, wamwandikie Askofu kumwomba amwache? Na kama haiwezekani, waanzie wapi? Ninamjibu hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Sharika zetu za Mtwara na Lindi ni ndogo, na jambo hili likifanywa vibaya, usharika mdogo huchukua miaka kusimama tena.

Barua kwa Askofu msiandike. Kwa taratibu zetu za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mchungaji ni wa dayosisi na dayosisi ndiyo inayompanga. Wenzetu Walutheri wa Marekani usharika wenyewe huteua kamati, hutafuta mchungaji na kumpigia kura, na huko wanaweza kukaa hata mwaka mzima bila mtu. Sisi hatuna njia hiyo, kwa hiyo karatasi yenye sahihi sitini haibadilishi kitu ila inamwumiza yule anayekuja, maana ataisikia habari yake kabla hajafungua masanduku. Kama kuna sababu ya kweli, mathalani mama mchungaji, yaani mke wake, yuko kwenye matibabu hospitali ya Ndanda au mtoto yuko kidato cha nne, basi mwenyekiti wa wazee na mzee mmoja waende kwa Mkuu wa Jimbo, mchungaji anayesimamia sharika za eneo lenu, waseme kwa mdomo, na mchungaji mwenyewe awe anajua kwamba wameenda. Wakijibiwa hapana, mazungumzo hayo yaishie hapo.

Sasa kazi yenyewe.

Anzeni na fedha, kwa sababu huku kwetu fedha ina majira. Mkulima wa Nachingwea, Masasi au Tandahimba anashika hela kati ya Oktoba na Desemba, korosho zinapouzwa mnadani. Ikifika Februari sadaka ya Jumapili imeshuka, ada za shule zimelipwa, na mvua imekata barabara za kwenda mitaani, yaani kwenye makanisa madogo ya usharika. Kuaga, kupokea na kukarabati nyumba vyote vinaangukia kwenye miezi hiyo ya ukata. Kwa hiyo kikao cha Baraza la Wazee cha kupanga bajeti ya mabadiliko kifanyike Novemba hii, na fedha zake zitengwe kabla Krismasi haijazila. Wekeni mafungu manne tu: ibada ya kuaga, usafiri, nyumba, na nauli za wachungaji watakaokuja kutoa Chakula cha Bwana wakati hamna mchungaji. Fungu hili la nne ndilo husahauliwa kila mara, halafu mchungaji jirani anakuja kwa bodaboda kilomita arobaini anarudi na asante. Mara ya tatu hatakuja.

Swali la nani analipa lori muulizeni Mkuu wa Jimbo leo, tena kwa maandishi. Kama nyumba iko pembeni ya lami, lori lije kabla mvua za Desemba hazijakolea. Tani nane kwenye udongo mweusi wa bonde mwezi wa pili haitoki bila trekta.

Makabidhiano. Hapa nawasihi msifanye haraka. Watu wengi huyafanya alasiri moja, siku ya kuaga, wageni wakisubiri pilau, na mchungaji anasaini karatasi ambayo hakuna aliyeisoma. Tengeni siku mbili kamili, wiki moja kabla ya ibada ya kuaga. Wawepo mchungaji, mwenyekiti wa wazee, katibu, mtunza hazina, mwinjilisti, na Mkuu wa Jimbo au mtu aliyemtuma.

Siku ya kwanza ni ya vitabu. Kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha waliofariki, daftari la washarika, na mihutasari ya Baraza. Fungueni kila kimoja ukurasa wa mwisho ulioandikwa, someni namba ya mwisho, pigeni mstari wa wino chini yake, na wawili wasaini pembeni na tarehe. Mstari huo unazuia mtu kuingiza jina nyuma baadaye. Kisha hesabuni vyeti vitupu: vya ubatizo ni vingapi, vya ndoa vinaanzia namba ngapi vinaishia ngapi, vilivyoharibika viko wapi. Cheti cha ndoa kilichoharibika hakitupwi, kinabaki kitabuni na alama ya kufutwa.

Kwenye ndoa kuna mtego mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na mfungishaji awe na leseni. Leseni ya mchungaji mliyenaye haimhusu mwingine. Mkiwa na wachumba waliokwisha kutangazwa kanisani na ndoa yao iko Februari, msiwaambie "mchungaji mpya atafungisha". Huenda akawa amebarikiwa kuwa mchungaji mwaka huohuo na leseni yake bado inashughulikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Tafuteni mapema mchungaji wa jirani mwenye leseni, na faili la wachumba lipite mkononi mwake: fomu, barua za sharika wanakotoka, na tarehe za matangazo.

Siku ya pili ni ya mali na fedha. Leja ilinganishwe na taarifa ya benki ya siku hiyo. Stakabadhi ziandikwe kuanzia namba fulani hadi namba fulani, zilizotumika na zisizotumika. Fedha taslimu zihesabiwe mezani. Madeni yaandikwe hata kama yanatia aibu: saruji iliyochukuliwa dukani, posho ya mwinjilisti ya miezi mitatu, mgao wa dayosisi uliochelewa. Deni lililofichwa siku hii humwangukia mgeni, na washarika husema yeye ndiye aliyelileta.

Na laini ya simu! Hili ndilo linalovunja sharika nyingi siku hizi. Sadaka na ahadi za ujenzi zinatumwa kwa namba ya simu, na namba hiyo mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mchungaji au cha mtunza hazina. Mtu akihama, laini inahama naye, na kwa kampuni ya simu yeye ndiye mwenye fedha. Wala si mwizi. Namba ni yake kisheria. Ombeni lipa namba yenye jina la usharika, iliyounganishwa na akaunti ya benki. Mpaka ipatikane, toeni salio lote mbele ya watu watatu, lipelekwe benki, namba ya zamani itangazwe kuwa imefungwa Jumapili tatu mfululizo. Wale washarika waliohamia Dodoma na Mwanza ambao bado wanachangia ujenzi wapigiwe simu mmoja mmoja.

Benki nayo ina ngazi zake. Kubadili watia saini kunahitaji muhtasari wa kikao uliosainiwa, barua ya utambulisho kutoka ngazi ya juu, vitambulisho na picha, na mara nyingi wahusika wenyewe wafike tawini. Mchungaji akiwa mmoja wa watia saini wawili tu, akaunti inalala siku anayoondoka. Ongezeni wa tatu sasa hivi, kwa utaratibu wa wawili kati ya watatu. Na muwe macho: huku kwetu mtunza hazina mara nyingi ni mwalimu au muuguzi aliyeletwa na ajira, naye barua yake ya uhamisho inaweza kutoka mwezi huohuo. Angalau mtia saini mmoja awe mwenyeji, mwenye shamba na nyumba hapo.

Kama kanisa lina mikorosho, angalieni imeandikishwa kwa jina la nani. Malipo ya stakabadhi ghalani, yaani ya korosho zinazokusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, yanaingia kwenye akaunti ya aliyeandikishwa kama mkulima, na salfa ya ruzuku, dawa ya kupulizia mikorosho, inatolewa kwa jina hilohilo. Ikiwa ni jina la mchungaji anayehama, rekebisheni kwenye AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kabla ya msimu wa kupuliza, maana maua yakitoka mkiwa bado mnabishana, ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, utayala. Viwanja vya mitaa pia: mara nyingi kuna karatasi moja tu ya mauziano au ya kupewa, yenye muhuri wa serikali ya kijiji, na karatasi hiyo iko kwenye faili binafsi la mchungaji. Itolewe nakala tatu. Moja jimboni, moja dayosisi, moja usharikani.

Nyumba. Pitieni chumba kwa chumba na fundi mmoja. Huku adui wa kwanza ni mchwa: gongeni fremu za milango na mbao za dari kwa nyundo, ikilia kama debe tupu hiyo imekwisha. Angalieni choo, tangi la maji, deni la maji, na mita ya LUKU. Vitu vya ndani viandikwe mara mbili, vya usharika na vya familia, mama mchungaji akiwepo. Kitanda kilichonunuliwa na Umoja wa Wanawake kilikuwa zawadi kwa familia au samani ya nyumba? Mkikubaliana leo wakiwa wamekaa sebuleni, hakuna atakayemsema mtu mbele ya lori.

Sasa wakati wa katikati, ambao unaweza kuwa wiki mbili au miezi minne. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Kuna wazee wanaofanya kana kwamba kanisa limefungwa. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu Walutheri, linasema kanisa liko pale Injili inapofundishwa kwa usafi na sakramenti zinapotolewa sawasawa. Injili mnaye mwinjilisti wa kuihubiri. Sakramenti mnaomba jirani aje. Ungamo hilohilo, sehemu ya 14, linakataza mtu ambaye hakuitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti, kwa hiyo msimsukume mwinjilisti abariki mkate kwa sababu tu wageni wamejaa Jumapili ya Pasaka. Mtoto akiwa mahututi hilo ni jingine: Mkristo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kisha habari ipelekwe kwa mchungaji iandikwe.

Andikeni ratiba ya Jumapili kumi na mbili: nani anahubiri, nani anaongoza liturujia, tarehe zipi kuna Chakula cha Bwana, nani anakwenda mtaa upi. Ibandikwe mlangoni. Darasa la kipaimara lisisimame hata wiki moja. Mchungaji anayeondoka aandike wamefika wapi kwenye Katekisimo Ndogo ya Luther, kama wamemaliza Amri Kumi au wako kwenye Imani ya Mitume, na nani hajaleta uthibitisho wa ubatizo. Watoto wengi hapa walibatizwa Moshi, Njombe au Iringa, wazazi wakiwa kazini huko, na barua kutoka usharika wa nyumbani inaweza kuchukua miezi. Mkisubiri mchungaji mpya ndipo muulize, mtoto atakosa kubarikiwa kipaimara mwaka huo.

Mgeni akifika, apikiwe siku tatu za kwanza, na nyumbani akute maji, mtungi wa gesi uliojaa, mchele, sembe na mafuta. Jioni ya kwanza msimpelekee malalamiko. Wiki hiyohiyo katibu ampeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kwa sheikh wa msikiti wa karibu, na kwa mapadre wa Kianglikana na Kikatoliki. Waanglikana wako Masasi tangu 1876, nasi wengi tumeletwa kusini na kazi. Anayetoka Kilimanjaro anaweza asijue kwamba hapa kwenye msiba wa Mlutheri nusu ya wanaochimba kaburi ni majirani Waislamu, na kwamba asipokwenda kwenye misiba yao atabaki mgeni siku zote. Aelezwe pia kwamba likizo za Juni na Desemba watoto wengi wako kwenye jando na unyago, asije akadhani darasa limemkataa.

Aliyehama mpendeni, lakini mtoeni kwenye kundi la WhatsApp la usharika siku ya kuaga, baada ya maombi, mbele yake na kwa ridhaa yake. Mkimtaka aje kuzika au kufungisha ndoa ya mtu wake wa karibu, mwaliko utoke kwa mchungaji mpya. Kumpigia kimyakimya kumwuliza "hivi wewe ungefanyaje?" ni kumchimbia mwenzake shimo, na ni dhambi hata ukiifanya kwa sauti ya upole.

Mzee wangu wa Nachingwea, umeniambia mchungaji wenu yuko safarini hadi Alhamisi. Akirudi, msalimie, mwache apumzike, na Ijumaa asubuhi nenda na mtunza hazina mkamwulize kuhusu laini ya simu na mikorosho. Siku za makabidhiano pangeni na Mkuu wa Jimbo kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, ile ya nne kabla ya Krismasi, kwa sababu baada ya hapo hamtampata.