Shangazi, nile bata Zenji sa hivi au nisubiri Cape Town ya mume wangu?

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nauza duka la dawa huku Tabata. Tulifunga ndoa 2016, fungate tukaahirisha, mume akaniahidi mambo yakikaa sawa atanipeleka Zanzibar nikaione Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu nililokuwa nalisoma tu shuleni. Mpaka leo sijavuka maji. Sasa mwezi huu tunatimiza miaka kumi, yeye anasema tuchange mpaka Desemba mwakani twende Cape Town sisi wote wanne. Kila mwezi tunaweka laki mbili na nusu, tuna milioni moja na laki nne, bado miezi kumi na minne. Mimi nimechoka shangazi, nataka siku tatu tu za Zanzibar, mimi na yeye, watoto wabaki kwa bibi yao. Anasema huko ni kula mbegu. Tatizo mwaka 2019 tulichanga hivi hivi hela ikaenda kwenye harusi ya wifi, 2022 ikaenda kwenye bati za baba mkwe. Je, mimi ni mbinafsi? Mama Wawili."

Marahaba mwanangu.

Wewe sio mbinafsi, hilo tulimalize mapema maana nimeona umelificha mwishoni kama mtu anayeomba msamaha kwa kuhema. Mwanamke anayesimama kaunta kuanzia asubuhi anasoma mwandiko wa madaktari alafu anarudi nyumbani kuna homework na ugali, akiomba siku tatu ndani ya miaka kumi, hapo ubinafsi uko wapi?

Ila na mumeo nae sio mbaya, tena mi nahisi nishamuelewa. Huyo baba anajua fungate hakulilipa. Na wanaume wetu deni likikaa muda mrefu hawalipi kidogo kidogo, wanataka walipe na riba siku moja mbele za watu, ndo maana Zanzibar aliyoahidi imevimba mpaka imekuwa Cape Town na watoto juu. Kwaiyo ukimwambia "niachie Cape Town yako nipe Zenji" yeye anasikia umemdharau, kumbe we unataka tu kulala mpaka saa tatu bila mtu kukuita mama.

Sasa tuache hisia tupige hesabu, maana hapa ndo naona tatizo lenyewe na sidhani kama mmewahi kukaa mezani na kalamu. Laki mbili na nusu mara miezi kumi na minne ni milioni tatu na nusu, jumlisha na hiyo mliyonayo inakuwa milioni nne na laki tisa. Vizuri. Pasipoti mnazo? Hujasema, na kwa mtu ambaye hata Unguja hajafika mi nachukulia hamna. Pasipoti ni laki moja na nusu kwa kichwa, vichwa vinne laki sita. Mmebaki na milioni nne na laki tatu, gawa kwa wanne, kila mtu milioni moja na elfu sabini na tano, na hapo ndani kuna ndege kwenda na kurudi, tena mara nyingi ya kuunganisha Johannesburg, kuna kulala, kuna kula, kuna taksi, na mnaenda Desemba ambayo kule ni kiangazi, kila mtu mwenye hela yake yuko Cape Town na bei zote zimepanda. Mwanangu hiyo hela inaishia angani. Mtatua mkiwa na njaa.

Kitu kimoja kizuri cha mpango wake nampa haki yake, Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza mpaka siku tisini, kwaiyo hajachagua kijinga, angetaka Ulaya ungekuwa unaniandikia kuhusu benki stetimenti sa hizi. Na Cape Town ni kuzuri kweli, ule Mlima wa Meza (Table Mountain) na kisiwa cha Robben alikofungwa Mandela miaka 18 kati ya ile 27. Lakini hata huko upepo ukikaza ile kebo ya kupanda mlimani inasimama, bahari ikichafuka boti ya Robben haiendi, kwaiyo unatakiwa uwe na siku za ziada mfukoni, na siku za ziada ni hela za ziada. Safari ile ni ya watu wawili kwa hela yenu, au ya watu wanne kwa miaka mitatu ya kuchanga. Sio Desemba mwakani kwa wanne. Hilo mwambie kwa karatasi, sio kwa mdomo, na usimwambie usiku akiwa ametoka kugombana na foleni ya Mandela Road.

Alafu kuna hili la 2019 na 2022, ambalo we umelitupia kama nyongeza, kumbe ndo barua yenyewe. Nyie hamjawahi kuchangia safari. Mmekuwa mnatunza mfuko wa dharura wa ukoo wa mumeo bila kujua! Hela ikikaa tu kwenye simu au kwenye akaunti ya kawaida na kila mtu anajua "wale wana hela wanataka kutembea", shemeji akiunda kamati ya harusi nyie mko kwenye orodha ya kadi za dabo kabla hata ukumbi haujatafutwa. Na mumeo atakataaje? Atasema nini, kwamba dada yake asiolewe kwa sababu yeye anataka kupanda mlima wa watu? Hawezi, na mi simlaumu, bati za baba mkwe hata mi ningetoa. Safari isiyo na tarehe wala tiketi kila shida ya ukoo inaishinda kwa hoja, na miezi kumi na minne ni mingi sana, hapo katikati lazima kuna msiba, kuna mtu atafeli figo, kuna ada.

Ndo maana mi nakwambia nenda Zanzibar kwanza. Sababu kubwa wala sio kwamba umechoka, japo umechoka. Ni kwamba hela ya Zanzibar mnayo leo, na ukishanunua tiketi ya boti hamna wifi anayeweza kuikopa.

Msiguse yote lakini. Tengeni laki tano, hiyo tisa iliyobaki muifungie kwenye akaunti ya muda maalum, ile ambayo ukitaka kutoa kabla ya wakati lazima uende ukajieleze na unapoteza faida, uvivu wa kwenda benki utawasaidia kuliko nidhamu. Laki tano kwa wawili wasio na makuu inatosha. Usiende wikiendi, nenda Jumapili jioni urudi Jumatano, na nenda Novemba, vuli inanyesha inakata na wageni wa sikukuu hawajaanza kumiminika. Laleni gesti ya Mji Mkongwe, hizo hoteli za Nungwi na Paje unazoziona Instagram waachie wenye picha zao, wengine wanalipiwa kupiga picha pale. Ukipiga simu hotelini ongea Kiswahili chako na uulize bei ya wakazi, maana zipo sehemu nyingi wana bei ya mgeni na bei ya mkazi na hawakuambii usipouliza. Beba kitambulisho.

Na Beit al-Ajaib yako mwanangu, sijui nikwambieje. Ulipoahidiwa ilikuwa imesimama, Desemba 2020 upande wake wa mbele ulianguka wakati inakarabatiwa. Jengo la tangu 1883 limekusubiri weee mpaka limechoka. Mwoneshe mumeo hiyo habari, mi naamini hiyo peke yake itafanya kazi kuliko barua yangu yote hii.

Kingine, usije ukafanya ujanja wa kutoa hela ya mchezo kimya kimya ukaondoka na mashoga zako ukamwambia umeenda semina. Nawajua. Ulichotaka ni siku tatu na mumeo, ukienda kwa siri utazipata siku lakini mume utakuwa umemuacha Tabata na kisirani chake, na Cape Town hapo itakufa kweli.

Mkirudi, hapo hapo ndo mkae muiamue Cape Town upya. Ama wawili, ama wanne mwaka mwingine mbele, ama mbadilishe kabisa muwapeleke watoto Serengeti na Ngorongoro ambako mgeni analipa kiingilio kwa dola na sisi tunalipa shilingi, haifiki hata elfu ishirini kwa mtu mzima, gharama kubwa pale ni gari, na gari mnaweza kuchangia na familia nyingine. Watoto wa umri wa wako, kati ya simba na mlima wenye kebo, we unadhani watachagua nini? Ila mkishaamua, kitu cha kwanza nunueni pasipoti au lipeni kianzio cha gari wiki hiyo hiyo. Na wifi akiuliza hela iko wapi mumeo ndo ajibu, sio wewe, ni dada yake.

Mkifika Forodhani jioni ule urojo na juisi ya miwa, ila kwenye mishkaki ya pweza na kamba ulizia bei kabla hujanyoosha kidole, pale ukishaonesha tu ishawekwa kwenye moto na ni yako hiyo.