Vumbi la Sahara kufika Dar? Jibu kwa mdau wa Tabata

Mkuu, nimeliona swali lako na ile klipu ya WhatsApp uliyoweka: eti wingu la vumbi la Sahara linashuka Dar, watu wafunge madirisha. Wewe una mtoto mwenye pumu, na meza ya sebuleni kila asubuhi imejaa vumbi, kwa hiyo wasiwasi wako naulewa. Nimefanya kazi melini miaka mingi, sehemu kubwa njia ya Afrika Magharibi, na vumbi la Sahara nimelisugua kwa mikono yangu. Hilo la mezani kwako si lenyewe.

Ukiwa nje ya pwani ya Senegali mwezi wa kwanza, mawingu hakuna ila jua limepauka, unalitazama bila kukunja uso. Upepo unaolileta vumbi unaitwa harmattan, unavuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba mpaka Machi hivi. Asubuhi deki nzima imekuwa hudhurungi. Ukilichukua kidogo ukalifikicha, laini kama unga wa ngano, punje huisikii. Likikutana na umande na chumvi ya bahari linageuka tope la kunata: kwenye kamba, kwenye vitasa, kwenye vioo vya chumba cha usukani. Kijana mgeni akipangusa kioo kwa kitambaa kikavu anapigiwa kelele, maana kioo kinakwaruzika. Maji kwanza, brashi baadaye. Mafundi wa injini nao hawalali, chujio za hewa zinaziba kabla ya wakati.

Wengi wanadhani ule ni mchanga wa yale matuta ya kwenye picha. Mchanga ni mzito, hauendi mbali. Upepo unaurusharusha chini kwa chini, na kila mchanga unapotua unabandua chembe ndogo za udongo. Hizo ndizo zinazopaa kilomita kadhaa juu na kusafiri. Chimbuko moja kubwa ni bonde la Bodélé kule Chad, kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, ambako upepo ukipita kwenye mwanya huo unabanwa na kuongeza kasi. Zamani pale palikuwa chini ya maji, Ziwa Chad lilipokuwa kubwa mara nyingi kuliko la leo. Sakafu yake ni mabaki ya diatomi, vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo huenda sehemu ya kile nilichokuwa nakiosha ilikuwa tope la ziwa lililokufa.

Na linaelekea magharibi. Mwaka 2015 watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti ya NASA vya 2007 hadi 2013 walikadiria kwamba tani milioni 182 kwa mwaka zinavuka ukingo wa magharibi wa Afrika, na tani milioni 27.7 zinadondoka kwenye bonde la Amazon. Ndani yake mna kama tani 22,000 za fosforasi, karibu sawa na ile ambayo mvua na mafuriko huiosha kutoka msitu ule kila mwaka. Yaani jangwa la Chad linapeleka mbolea Brazil bila ankara. Chuma kilichomo nacho kinalisha vijimea vya baharini.

Lina ubaya wake pia. Juni 2020 wingu moja kubwa lilivuka Atlantiki, likafunika anga la Puerto Rico na visiwa vya jirani, likafika hadi kusini mwa Marekani. Sitashangaa klipu yako ikiwa imekatwa kwenye picha za tukio kama hilo. Barbados wanalipima vumbi hili tangu miaka ya 1960, kwa hiyo si jambo la jana. Huku kwetu Afrika, kuanzia Senegali mpaka Ethiopia, milipuko ya homa ya uti wa mgongo huja msimu wa kiangazi na vumbi. Wataalamu wanahusisha na hewa kavu inayochubua koo na kuwapa vimelea njia.

Sasa kwa nini haliji Dar? Waulize wazee wa majahazi. Tuna pepo mbili za msimu: kaskazi ya mwisho na mwanzo wa mwaka, na kusi ya katikati ya mwaka. Kusi inatoka Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita za maji matupu, ikifika hapa imebeba chumvi. Tena ikishavuka ikweta inapinda kuelekea India, na hiyo ndiyo miezi ambayo vumbi la Arabuni limechachamaa. Yaani wao wakiwa na vumbi jingi zaidi, upepo unatoka kwetu kwenda kwao. Kaskazi nayo inashuka kwa njia ya bahari na pwani ya Somalia, si Sahara, kwa sababu upepo wa Sahara wakati huo uko kwenye shughuli zake za Atlantiki.

Basi lako linatoka wapi? Toka nje utazame. Malori ya mchanga na kokoto yasiyofunikwa turubai, barabara za mtaa zisizo na lami, vifusi vya ujenzi, jirani anayechoma taka saa kumi na mbili asubuhi. Lifikiche kwa vidole: ukihisi punje punje, au likiacha weusi wa masizi, ni la hapa hapa. Na kwa mtoto wa pumu hilo la hapa ndilo linanitia wasiwasi zaidi, hasa moshi, kwa sababu chembe zake nyingi hazifiki maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haizizuii.

Ningekuwa wewe ningepiga marufuku ufagio mkavu ndani: nyunyizia maji au piga deki, meza pangusa kwa kitambaa kibichi, mtoto akiwa chumba kingine. Dawa yake ya kuvuta ikae mahali mnapoifikia usiku, na kama anaihitaji mara kwa mara mrudishe kwa daktari, usisubiri upepo ubadilike.

Hukusema dirisha la sebule linatazama wapi na kama barabara yenu ina lami. Weka hapo tujue ni la kufunga mchana, malori yanapopita, au asubuhi kwa ajili ya moshi wa jirani.